Fundi Koki Hakusahau Koki

Hakustaafu. Baba mdogo ameshaambiwa mara tatu tangu juzi, na bado anang'ang'ania ratiba ya mazishi iandikwe "alistaafu kwa heshima mwaka 2020". Kustaafu gani huko, mtu anaondolewa kwenye kazi yake mchana kweupe na kesho yake anapewa kibenchi cha kukatia mipira ya mafuta getini? "Andika alistaafu, mwanangu, mambo ya gereji yabaki gereji," baba mdogo kasema, na shangazi kaitikia kwa kichwa. Wasamehe wote wawili. Marehemu aliondolewa, na aliondolewa kwa kosa ambalo si lake. Aliyelifanya ni kitinda mimba wake, huyu huyu aliyeshika karatasi na kusimama mbele yenu. Sasa tulieni, maana mzee hakupenda kazi ianzwe katikati. Tuanze alikozaliwa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1960, mtoto wa nne kati ya saba, kwenye nyumba ya tatu kutoka tangi la maji, mtaa wa nyuma ya stendi ya malori. Nyumba ipo mpaka leo, kilichobadilika ni mlango na bati. Baba yake alikuwa mlinzi wa stendi, mama yake alishona maturubai ya kufunikia mizigo. Marehemu alipenda kusema kwamba alijua harufu ya dizeli kabla ya harufu ya maziwa, na mama yake, hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akimkatiza mbele za watu: "Maziwa umenyonya mpaka miaka mitatu, usinitie aibu."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973. Hesabu alizipenda, kuandika barua hakupenda. Akiwa darasa la sita, pampu ya mkono ya kisima cha shule iligoma kutoa maji. Walimu wakasema imekufa, iletwe nyingine. Yeye akaifungua saa ya mapumziko bila kumuomba mtu ruhusa, akakuta pampu nzima kama ilivyokuja, ila chini kwenye bomba kuna soksi ya mtu. Akaitoa soksi, maji yakatoka, na mwalimu mkuu akamchapa viboko vinne kwa kufungua mali ya shule. Aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kila mara aliimaliza vile vile: "Pampu haikuwa na kosa. Ilikuwa haipati." Kisha akasoma ufundi miaka miwili, masomo ya jioni, akaacha baba yake alipofariki mwaka 1976.

Kazi aliianza mwaka 1978 kwenye gereji ya matrekta, akaosha vyuma, akafunga breki, mpaka alipokutana na tipa. Kuanzia hapo ikawa basi tena. Kwa wasiojua, bodi ya tipa haiinuliwi na injini moja kwa moja. Kuna pampu imefungwa ubavuni mwa giaboksi, inanyonya mafuta kwenye tangi lake na kuyasukuma kwenye jeki, na jeki ndiyo inasimamisha bodi mchanga umwagike. Kufunga pampu hiyo na kuitunza ndiyo ilikuwa kazi ya marehemu. Tarehe 1 Julai 1991 aliingia kwenye gereji hii ambayo wengi wenu mmetokea, na humo alifunga pampu miaka ishirini na tisa. Aliweza kulaza kipande cha boksi chini ya lori asubuhi, akarudi saa nne, akasoma matone kama mtu anayesoma gazeti: hili la sili ya pampu, hili la mpira, hili dereva kamwaga mwenyewe anatafuta kisingizio asitoke leo.

Na jina la Fundi Koki lilitoka wapi. Ukitaka kubadilisha pampu, unafunga koki iliyo chini ya tangi, la sivyo mafuta yote yatakuishia kifuani. Ukimaliza kufunga, kabla hujawasha, lazima uifungue. Ukiwasha koki ikiwa imefungwa, pampu inazunguka kavu, na dakika moja inatosha kuiua. Mafundi wengi wameua pampu mpya namna hiyo, kwa kusahau tu. Marehemu alikuwa na dawa yake. Kila alipofunga koki, alichukua ufunguo wa lori na kuutundika kwenye mkono wa ile koki kwa kipande cha waya wa shaba. Ukitaka kuwasha lori, utaingia chini kuufuata ufunguo, na ukiufuata utaigusa koki. Ndiyo hivyo tu. Hakuwahi kuua pampu hata moja. Madereva walimtania: "Fundi, na ufunguo wa nyumba unautundika wapi?" Naye akajibu: "Muulize shemeji yako."

Shemeji yao huyo, mama yetu, fundi cherehani, alimuoa tarehe 14 Desemba 1985. Siku ya harusi tipa moja ilikwama katikati ya mtaa wa kina bibi harusi, bodi iko juu, haishuki, na magari ya harusi hayapiti. Bwana harusi akavua koti, akampa shemeji yake, akaingia chini. Dakika ishirini bodi ikashuka, akatoka na mkono wa kulia mweusi mpaka kwenye kiwiko. Mafuta yale hayatoki kwa sabuni ya kuogea. Angalieni picha iliyoko ukurasa wa mbele wa ratiba: mkono mmoja haupo, kauficha nyuma. Mama huwa anasema, "Mimi nimeolewa na mkono mmoja, wa pili ulikuwa kazini." Walijaliwa watoto watatu: kaka yetu anayefundisha udereva, dada yetu muuguzi, na kitinda mimba, ambaye wote mnamuita Kitinda.

Huyu Kitinda aliacha shule kidato cha pili, mwaka 2013, kwa ugomvi na mwalimu wa zamu. Domo refu, mkono mwepesi. Mama alilia. Marehemu hakufoka, alimrushia ovaroli iliyomzidi urefu na kumwambia, "Kunja miguu, twende." Akamfundisha kila kitu. Pampu inayozunguka kulia na inayozunguka kushoto, kwa nini ukizikosea zinatapika mafuta. Namna ya kujaza mpira wa kunyonya kabla ya kuubana. Namna ya kusikiliza. Na ufunguo kwenye koki, kila mara, hata lori likiwa la kwako mwenyewe. Kwa hiyo pasiwe na mtu wa kumtetea kwamba hakujua. Alijua.

Tarehe 11 Agosti 2020, saa sita na nusu mchana. Lori jekundu la matairi kumi, pampu mpya. Marehemu alikuwa ameshaifunga, bolti zimebanwa, mipira imebanwa, ufunguo unaning'inia kwenye koki. Akaitwa stoo kuchukua mafuta ya kuongezea. Akamwambia Kitinda, "Usiguse, narudi," akaondoka.

Dereva wa lori hilo ni yule tunayemuita Kofia, kwa sababu haivui hata akioga. Alikuwa kivulini na madereva wenzake wawili, na walikuwa na haraka ya mzigo.

"Dada fundi," Kofia akasema, "kazi imeisha au inangoja mzee?"

"Inangoja mafuta."

"Inangoja mzee. Sema ukweli. Wewe bila baba yako huwezi kuinua hata kifuniko cha sufuria."

Wenzake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Muache, yeye kazi yake kumshikia tochi."

Mtu mwenye akili angewatukana yakaisha. Kitinda akanyoosha mkono. "Ufunguo mwingine unao?"

Kofia alikuwa nao mfukoni, wa pili, ambao tajiri mwenye gereji alishakataza madereva kuja nao. Akautoa. "Haya, tuone."

Kitinda akapanda. Ni mfupi, kila mtu anaona, kwa hiyo akakivuta kiti mbele mpaka mwisho. Akawasha, akabonyeza swichi ya kuunganisha pampu, akakanyaga mafuta. Ikatoka sauti kama kitanda cha chuma kinaburutwa kwenye sakafu ya saruji. Akadhani ni hewa. Akakanyaga zaidi. Bodi haikusogea hata kidole, harufu ya kuungua ikapanda mpaka kwenye kebini, na hapo ndipo alipokumbuka ufunguo mwingine uko wapi, na unaning'inia kwenye nini.

Akazima, akaruka chini. Kofia alikuwa ameshampokonya ule ufunguo na kuuzamisha mfukoni. Wale wawili waligeukia ukutani kama waliokuja kusoma kalenda.

Marehemu alitoka stoo anakimbia. Sauti ile alikuwa ameisikia. Hakumuuliza mtu. Akaweka kiganja juu ya pampu, akakitoa haraka. Akaingia chini, akakaa huko kama dakika, na alipotoka waya wa shaba haukuwa na kitu: ufunguo alikuwa ameutia mfukoni. Halafu akapanda kwenye kebini. Kitinda alisimama pale pale kwenye ngazi, spana namba kumi na saba mkononi, na alimuona kwa macho yake. Mzee alikiangalia kile kiti kilivyobanana na usukani. Akakiangalia kidogo. Kisha akakisukuma nyuma, kigumu, akakisukuma kwa goti, mpaka kikarudi pale kinapokaa dereva mrefu.

Akashuka. Tajiri akafika.

"Fundi, nini hicho kinanuka?"

"Pampu, tajiri. Nimewasha koki imefungwa."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe usahau koki? Wewe?"

"Miaka imeenda, tajiri. Nimesahau."

Ilikuwa mahali pa kusema neno moja tu. Kitinda, ambaye hajawahi kukosa neno tangu ajue kuongea, ambaye amegombana na walimu, makondakta na mpaka mhudumu wa hospitali, siku hiyo alifunga mdomo. Kofia alifunga wake. Wale wawili vile vile. Watu wanne walijua, na aliyesema ni yule wa tano, akasema uongo.

Hayo ndiyo mnayotaka kuyaita kustaafu. Kesho yake tajiri alimhamishia kibenchini, kukata mipira na kubana vichwa vyake, kwa sababu macho yameanza kuchoka. Na kazi ya kufunga pampu akapewa nani? Akapewa Kitinda. Aliipokea. Alisema asante.

Pampu iliyoungua ilitundikwa kwa waya juu ya geti, iwe fundisho. Siku ya pili mtu alikuwa ameshaandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwake: MZEE MKAVU. Mtu huyo ni Kofia. Alitaka kicheko kiangukie mbali naye, na kweli kikaanguka mbali. Jina likakaa. Watu walioanza kazi juzijuzi hawajawahi kusikia Fundi Koki, wanajua Mzee Mkavu tu, fundi aliyeunguza pampu. Kuna asubuhi moja dereva mgeni aliuliza getini, "Mkavu mwenyewe ndiye huyu?" na watu wakaangua kicheko, na Kitinda akacheka pia. Marehemu alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapima mpira. Hakuinua kichwa. Hilo halijasahaulika, na aliyecheka halimtoki.

Jioni ya siku ile ya pampu, mama aliuliza mezani, "Mbona mnakula kama mmegombana?" Marehemu akasema, "Hatujagombana. Tumechoka." Wakaendelea kuchoka hivyo miaka mitatu na nusu. Kila Kitinda alipomaliza kufunga pampu, sauti ilitoka kibenchini: "Koki?" Naye akajibu kutoka chini ya lori, "Iko wazi, baba." Siku zote, kila lori. Maneno hayo mawili yalikuwa yamekaa mahali pa yale mengine ambayo hayakusemwa.

Marehemu alianza kuumwa Novemba 2023, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alipomwambia kwamba moyo wake unasukuma kwa shida, alimjibu, "Daktari, kabla hujalaumu pampu, umeangalia kama inapata?" Daktari alicheka, akaandika vipimo vingine, lakini safari hii kosa lilikuwa la pampu kweli. Aliacha kibenchi Januari 2024. Mwezi wa tano alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na dada yetu muuguzi ndiye aliyemhudumia, tunamshukuru, na wenzake wote wa wodi ile.

Jumatano tarehe 15, saa kumi alasiri, Kitinda alikuwa peke yake naye, anamshikia kikombe cha chai. Akaanza: "Baba, lile lori jekundu."

Marehemu akakunja uso kama mtu anayekumbuka maumivu. "Lile, kiti chake kilikuwa kigumu kurudi. Goti liliniuma wiki nzima."

Chai ikamwagika kwenye shuka. Akaipangusa mwenyewe kwa mkono.

"Kwa nini hukunisema?"

"Wangekufukuza. Mimi wamenihamisha tu, hata hapakuwa mbali." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Nilidhani utasema mwenyewe. Nilikungoja kidogo pale."

"Nitasema, baba. Jumatatu nikiingia kazini, nasema mbele ya wote."

"Jumatatu sawa," akasema, na akaomba chai nyingine, hiyo imepoa.

Alifariki Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Jumatatu ndiyo hii leo.

Ameacha mjane, mdogo wake mmoja ambaye ni baba mdogo wetu, dada yake, watoto watatu, wajukuu sita, na boksi moja la spana lenye kipande cha waya wa shaba juu kabisa. Ameacha malori ambayo hata idadi yake hakuijua, yanainua bodi zao huko yaliko muda huu, na hakuna hata moja ambalo pampu yake aliiunguza yeye.

Sasa, tajiri uko hapa, umekaa mbele, na Kitinda anajua kesho unaweza kumwambia asirudi. Sema utakavyo, hatabisha. Kofia nawe uko pale nyuma karibu na uzio, na leo umeivua, asante, imeonekana. Na nyinyi wawili mnajijua, mmekuja na mashati ya rangi moja. Hakuna anayewaomba machozi wala rambirambi. Gereji iko mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka hapa. Ngazi ipo stoo, koleo la kukatia waya Kitinda amekuja nalo mfukoni, brashi na rangi nyeusi ya kufutia lile jina baba mdogo atabeba, maana ametaka heshima na hiyo ndiyo heshima. Mtu yeyote aliyewahi kumuita Mkavu, hata kwa utani, hata mara moja, aje aishike hiyo ngazi.

Yeye apumzike kwa amani, kazi yake aliimaliza. Nyinyi bado. Udongo ukishawekwa, msikae kula. Nendeni mkaishushe ile pampu.